Kunywa si Kukolea

Neno ni vazi la fikira. Vazi laweza kumsitiri mwungwana, na laweza vilevile kumficha mwizi. Kwa sababu hiyo mwenye busara haisifu kanzu kabla ya kumjua aliyeivaa. Walakini katika nchi zinazosema Kiswahili wako wasomi wengi ambao hulisifu neno la Kiingereza kwa upana wa mikono yake na urefu wa pindo lake, wasiulize hata siku moja limemfunika nani. Moja katika maneno hayo ni kitenzi "imbibe". Ni kitenzi cha adabu cha kunywa. Hakisikiki kisimani wala jikoni. Husikika katika hotuba, katika vitabu vya elimu, na katika mazungumzo ya watu wapendao kunywa bila ya kusemwa kwamba wamekunywa.

Kitenzi hiki kimeitwa mahakamani kuwa shahidi juu ya Kiswahili, na shtaka lenyewe ni hili. Kiingereza, husema washtaki, kina neno moja liwezalo kubeba mambo matatu: mtu kunywa pombe, akili kupokea maarifa, na mbegu kuvuta maji. Kiswahili, husema tena, kina kunywa tu. Mfasiri akikutana na neno hilo katika kitabu cha falsafa huandika kunywa, na msomaji hucheka. Akikutana nalo katika kitabu cha mimea huandika kunywa, na mwanafunzi hukitafuta kinywa cha mbegu asikione. Basi hukumu hutolewa papo hapo, kwamba lugha hii ni ya sokoni na ya nyumbani, na kwamba haiwezi kuchukua mzigo wa elimu ya juu.

Shtaka hili lina sura nzuri na moyo mbovu. Halistahili kujibiwa kwa hasira, maana hasira haikupata kuongeza hata neno moja katika kamusi. Lastahili kujibiwa kwa mizani. Neno lililosifiwa na liwekwe upande mmoja, maneno yaliyodharauliwa yawekwe upande wa pili, kisha itazamwe mizani imelala wapi.

Kwanza na itazamwe nasaba ya neno lenyewe. "Imbibe" si mzaliwa wa Uingereza. Asili yake ni Kilatini, ambamo kiambishi chenye maana ya ndani kiliunganishwa na kitenzi "bibere", kunywa, likapatikana neno la kunywa kwa kuingiza ndani. Liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14 kwa njia ya Kifaransa na Kilatini, katika zama ambazo Kiingereza kilikuwa kikikopa maneno kwa maelfu, kwa kuwa Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na lugha yao katika mabaraza ya wakubwa. Hapo mwanzo halikuwa neno la pombe. Maana yake ilikuwa kulowa na kulowesha. Katika karne ya 16 lilianza kusemwa juu ya akili inayopokea mawazo, nayo ni maana ambayo Warumi walikwisha kuitumia kwa wingi zamani. Samuel Johnson, katika kamusi yake mashuhuri ya mwaka 1755, alilipa maana ya kunywa kwa kuvuta ndani, na maana ya kupokea katika akili, na maana ya kulowesha. Wafaransa hata leo hulitumia neno lao la ukoo huo kwa kulowesha kitambaa au sifongo.

Neno ambalo Mwingereza alilirithi kwa babu zake ni "drink". Hilo ndilo alitumialo anaposhikwa na kiu. Mkulima wa Kiingereza akirudi shambani saa sita ya mchana hamwambii mkewe kwamba ataka "imbibe". Akisema hivyo mkewe atadhani ama amepigwa na jua ama anafanya mzaha. Neno basi ni mgeni wa heshima aliyekaribishwa barazani. Jikoni hakuingia mpaka leo. Mambo mawili yanadhihirika hapa. La kwanza, lugha inayotukuzwa kwa utajiri wake ilitajirika kwa kukopa, wala haikuona haya. La pili, wingi wa maneno ya namna hiyo si dalili kwamba Mwingereza hunywa vizuri kuliko watu wengine. Ni dalili kwamba alipata kutawaliwa na watu waliokunywa kwa jina jingine.

Nasaba imekwisha kutazamwa. Na zitazamwe kazi zake tatu, moja baada ya moja.

Kazi ya kwanza ni pombe. Katika Kiingereza cha leo, "imbibe" likitajwa bila ya kutajwa kinachonywewa, aghalabu msikilizaji hufahamu kwamba ni kileo. Je, huu ni utajiri ambao Kiswahili kimenyimwa? Mtu akisema kwamba fulani hanywi, hakuna mtu Mombasa wala Tabora atakayedhani kuwa fulani huyo haonji maji. Kunywa peke yake, bila ya kutaja kitu, kwatosha kubeba habari yote. Pakitakiwa mzaha, ipo misemo ya kupiga maji na kupiga mtindi. Pakitakiwa ukweli mtupu, liko neno kulewa, ambalo halipimi glasi bali hupima akili iliyobaki. Kwa hiyo katika jambo hili hapana pengo la kuzibwa.

Kilichopo katika neno la Kiingereza ni kanzu. Mwenye cheo anayekunywa wiski chini ya feni husemwa kwa kitenzi cha adabu. Maskini anayekunywa gongo chini ya mwembe husemwa kwamba ni mlevi. Kitendo ni kimoja, koo ni moja, na maumivu ya kichwa ya asubuhi hayatambui cheo. Tofauti imo katika neno tu. Wala tofauti hiyo haikuanza jana. Mwaka 1919 madola yaliyotawala Afrika yalitia sahihi, huko Saint-Germain katika Ufaransa, mkataba wa kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili. Na katika Afrika ya Mashariki sheria za utawala wa Kiingereza kwa miaka mingi zilimruhusu Mzungu chupa ambayo Mwafrika alikatazwa kuigusa. Ikawa kunywa kwa mmoja ni adabu ya chakula cha jioni, na kunywa kwa mwingine ni kosa la kupelekwa mbele ya hakimu. Sheria hizo zimekwisha kufutwa, walakini kanzu yao bado imetundikwa katika lugha, na wapo watu weusi waivaao kwa furaha.

Yamkini mtu atasema kwamba adabu ya maneno ni jambo jema, na kwamba Kiswahili chenyewe hupenda tafsida. Ni kweli. Mswahili hasemi kwamba mkubwa amekufa ikiwa aweza kusema kuwa amefariki, na hataji haja za mwili mbele ya wageni. Lakini tafsida ya Kiswahili humstahi msikilizaji. Haikuwekwa kumfichia mtenda. Anayesema kwamba marehemu amefariki hakumwondolea mtu yeyote dhambi. Anayesema kwamba mkubwa wake wa kazi "amekunywa kidogo kwa heshima", hali mkubwa huyo hawezi kuiona njia ya nyumbani, ameiba jina la adabu akalipa uongo. Mfasiri aliyelikuta neno la Kiingereza katika maana hii, basi, na aandike kunywa, au kulewa, kwa kadiri ya ukweli. Hakupungukiwa na neno. Alipungukiwa na ushujaa.

Kazi ya pili ni ya akili, nayo ndiyo kazi ambayo kwayo neno hili limepata sifa kubwa. Waingereza husema kwamba mtoto hunywa mawazo ya wazazi wake, na mwanafunzi hunywa hekima ya mwalimu wake. Wafasiri wengi wa Kiswahili wamelifuata neno hilo nyayo kwa nyayo, wakaandika kunywa elimu, kunywa falsafa, kunywa utamaduni. Msomaji wa Kiswahili akisoma hivyo husikia kitu kinachokwaruza sikio, asijue ni nini. Sababu yake iko wazi. Kunywa, katika Kiswahili, ni kitendo chenye mwanzo na mwisho. Mtu hushika kinyweo, hufungua kinywa, humeza, hukata kiu, hukirudisha kinyweo mahali pake. Baada ya saa chache kile alichokunywa kimekwisha kumwacha, na kiu imerudi. Mwenye kunywa hageuki kuwa maji. Kama elimu ingalikuwa kitu cha kunywa, kila mwenye elimu angalikuwa mjinga tena kabla ya magharibi.

Si kwamba kunywa ni neno dogo. Ni mmoja katika ukoo mfupi wa vitenzi ambavyo ni mawe ya msingi wa lugha: kula, kunywa, kuja, kuwa, kufa. Shina lake ni silabi moja, na kutoka katika silabi hiyo vimezaliwa kunywesha, kunyweka, kinyweo na kinywaji. Kimezaliwa pia kinywa, ambacho kwa jina ni chombo cha kunywea na kwa kazi ni mlango wa maneno. Lugha iliyokiita kiungo cha kusemea kwa jina la kunywa haikukosa kuona kwamba kinachoingia mtu na kinachotoka mtu hupita mlango mmoja. Wafasiri wa Biblia walipofika katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, hawakubabaika. Walisema kwamba waamini wamenyweshwa Roho, na kwa kukigeuza kitenzi hicho kidogo walipata yale waliyoyataka. Lakini hao walidokeza kwamba yuko mwenye kunywesha. Walijua kwamba jambo lile halikuwa la mtu kujinyweshea mwenyewe.

Pale ambapo kitu kinaingia ndani ya kitu kikakaa, Kiswahili hakikulazimishi kusema kunywa. Mtoto hunyonya, na kwa hiyo lugha aliyoipata pamoja na maziwa ya mama husemwa kwamba ameinyonya. Mzizi hufyonza. Nguo hulowa. Aliye na pupa hugida. Na kitu kikavu kikutanapo na kitu cha majimaji, kikakivuta polepole katika vinyweleo vyake mpaka kikajaa, hicho husharabu. Udongo husharabu mvua ya kwanza ya vuli; ukuta mpya husharabu chokaa; sifongo husharabu maziwa yaliyomwagika. Hakuna kinywa, hakuna koo, hakuna kumeza. Neno kusharabu ndilo hasa lile ambalo washtaki wanasema halipo.

Nalo lina ukoo wa kutosha. Shina lake ni la Kiarabu, ambamo maana ya kwanza ni kunywa. Ndugu zake ni sharubati inayonywewa na masharubu yanayochovya katika kikombe kabla ya midomo. Waingereza nao walikwenda katika kisima hichohicho: maneno yao ya sharubati na ya maji mazito ya sukari, "sherbet" na "syrup", yametoka katika shina hilo la Kiarabu. Kwa hiyo Kiswahili na Kiingereza walikutana kisimani, kila mmoja na mtungi wake. Tofauti ni kwamba Mwingereza alirudi nyumbani akausifu mtungi wake, na Mswahili alirudi nyumbani akausahau.

Hata hivyo kusharabu si mwisho wa safari. Na amtazame mtu msuka mikeka wa pwani anapotia rangi ukindu. Haulowi tu katika maji ya rangi ukatolewa. Huchemshwa, hugeuzwa, huangaliwa, hurudishwa tena motoni, kisha huanikwa. Ukindu uliosharabu maji ya rangi na ukindu uliokolea rangi, siku ya kwanza, ni sawa kwa macho. Siku ya mvua ndiyo mtihani. Ule wa kwanza huchuja na kuchafua nguo ya aliyeketi, na wa pili hubaki na wekundu wake mpaka mkeka uchakae. Neno la tofauti hiyo ni kukolea. Chumvi hukolea katika mchuzi, hina hukolea katika kiganja, na tabia hukolea katika mtu. Kitu kilichokolea hakikuingia tu, kimegeuka kuwa sifa ya kile kilichokipokea. Mwalimu akisema kwamba elimu imemkolea kijana, amesema jambo ambalo kitenzi cha Kiingereza hakiwezi kulisema bila ya kuomba msaada wa maneno mengine matatu au manne.

Hapa ndipo mizani inapoanza kulala. Neno moja la Kiingereza linapiga mhuri mmoja juu ya mambo ambayo Kiswahili kiliyatenga kwa makini: kumeza, kulowa, kuvuta na kugeuka. Washtaki huuita mchanganyiko huo utajiri. Lakini duka ambalo unga, chumvi na chokaa vimetiwa katika gunia moja kwa kuwa vyote ni vyeupe si duka la tajiri. Ni duka la mtu ambaye hatujui atatulisha nini.

Na hatari ya gunia hilo ni kubwa kuliko kasoro ya tafsiri. Anayesema kwamba kujua ni kusharabu amekwisha kusema, bila ya kukusudia, kwamba kinachoingia ni chema kwa sababu kimeingia. Kumbe moyo husharabu uongo kwa wepesi uleule unaosharabu ukweli. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 93, hulitumia shina hilo la kunywa kwa kuwaeleza watu ambao mapenzi ya ndama wa kuabudiwa yalipenyezwa katika mioyo yao. Hawakusharabu elimu hao, walisharabu upotevu, na mioyo yao ilijaa vilevile. Waingereza wenyewe hukiri jambo hili katika matumizi yao, kwani hulitumia "imbibe" kwa chuki na dharau za kurithi sawasawa na walitumiavyo kwa hekima. Kujaa, basi, si ushahidi wa kujua. Mtungi ujao maji ya chumvi umejaa.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika kazi ya tatu ya neno, ile ya mimea, nayo washtaki waliitaja bila ya kuichungua. Wanasayansi hulitumia neno hili kwa hatua ya kwanza ya kuota kwa mbegu. Mbegu kavu hutiwa katika udongo wenye unyevu. Kuta za chembe zake na vyakula vilivyohifadhiwa ndani yake huvuta maji, mbegu huvimba, na mvimbo huo una nguvu ya kupasua ganda. Kila mpishi anayeloweka kunde usiku ili azipike asubuhi amekwisha kuiona kazi hiyo kwa macho yake; huziacha kunde zikiwa chini ya bakuli, akazikuta zimejaa na ngozi zimenyooka.

Lakini liko jambo ambalo mpishi hana haja ya kulijua, na mwalimu ana wajibu wa kulijua. Mbegu iliyokufa nayo husharabu. Iliyopoteza uhai kwa uzee wa ghalani, au kwa joto, ikitiwa majini huvimba kama mwenzake aliye hai, kwa maana kuvuta maji huko si kazi ya uhai. Ni tabia ya vitu vikavu vilivyoumbwa hivyo. Mbao za jahazi ni miti iliyokufa zamani, hata hivyo jahazi lililokaa pwani mpaka likakauka, likishushwa majini huvuja, kisha mbao zake hunywea bahari, zikavimba na kubanana, na njia za maji zikapungua. Ni jambo la manufaa makubwa kwa nahodha. Lakini hakuna nahodha aliyepata kungoja mlingoti wake utoe majani. Katika siku ya kwanza mbegu hai na mbegu mfu hazitambulikani. Siku ya tatu au ya nne ndipo moja inapotoa mzizi, na nyingine inapoanza kunuka.

Basi wale waliolichagua neno hili kuwa sifa ya elimu wamechagua sifa ambayo maiti anayo. Na hapa maneno yanaacha kuwa mchezo wa wenye kamusi. Yanaingia katika darasa, mahali ambapo watoto wa watu hukaa miaka yao iliyo bora.

Katika Tanzania Bara mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza masomo yake karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumiwa katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 nayo ilitaja Kiswahili katika ngazi zote, na darasa la sekondari liliendelea kama lilivyokuwa. Katika miaka yote hiyo hoja moja ilirudi kama wimbi: Kiswahili hakina maneno. Na kila ilipoulizwa ni maneno gani, orodha ilianza na maneno ya namna ya "imbibe".

Matokeo yake yaweza kuonekana na yeyote mwenye macho. Kijana hunakili ubaoni sentensi ya Kiingereza inayoeleza jinsi mbegu inavyovuta maji. Huikariri njiani, huikariri kitandani, huiandika katika mtihani bila ya kukosa herufi, hupewa alama zake, na baada ya mwezi mmoja sentensi imemwacha kama maji yanavyomwacha mnywaji. Jioni ile ile aliyokuwa akiikariri, mama yake alikuwa jikoni akiloweka kunde. Bakuli lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye daftari. Kijana hakulitazama, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba lile lililomo katika daftari na lile lililomo katika bakuli ni jambo moja. Kama mwalimu angalisema kwamba mbegu husharabu maji, kijana angaliinua kichwa. Angaliuliza kwa nini kunde zilizokaangwa huvimba na hazioti. Na katika swali hilo, ambalo halimo katika daftari la mtu yeyote, ndimo elimu ingalianza kumkolea.

Hii ndiyo hasara, nayo haihesabiki kwa fedha. Taifa laweza kulowesha vijana wake katika maneno ya kigeni mpaka wakavimba, wakapasua ganda la unyenyekevu, wakaonekana wakubwa kuliko wenzao waliobaki ghalani, na bado siku ya nne isione mzizi. Ubaya hauko katika Kiingereza. Kujua lugha ya pili ni kupata dirisha la pili, na nyumba yenye madirisha mengi huingia hewa. Ubaya uko katika kumfukuza mtoto mlangoni mwa nyumba yake na kumwamuru aingilie dirishani.

Washtaki hawatanyamaza kwa hayo. Wa kwanza atasema kwamba kusharabu nalo ni la kukopa, basi Kiswahili hakikushinda kitu. Jawabu lake limekwisha kupatikana katika nasaba ya "imbibe". Neno la kukopa likikaa katika nyumba likazaa watoto, likafanya kazi, likaitika likiitwa, limekwisha kuwa la nyumba. Aibu haiko katika kukopa neno. Iko katika kukopa la pili hali la kwanza limelala sandukuni.

Wa pili atasema kwamba kusharabu hujulikana pwani kuliko bara. Hilo ni kweli, na ukweli haukatawi kwa sababu umesemwa na mpinzani. Lakini kijana wa Iringa asiyejua kusharabu hajui "imbibe" pia. Maneno mawili yakiwa mageni kwake, lipi litamfaa: lile ambalo shangazi yake aliyeolewa Tanga aweza kumweleza kwa kitambaa na maji, au lile ambalo hakuna mtu katika ukoo wake awezaye kulieleza? Na akilikataa kusharabu, kufyonza liko, ambalo halikukopwa popote.

Wa tatu, naye ni mwerevu kuliko wenzake, atasema kwamba wingi wa maneno huleta taabu, kwa kuwa mfasiri atalazimika kuchagua. Naam, atalazimika. Kuchagua ndiyo kazi yake, na kwa kazi hiyo huitwa mfasiri, asiitwe mnakili. Julius Nyerere alipozifasiri tamthilia za Shakespeare, ya kwanza ikachapwa mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969, hakuisubiri lugha ikamilishwe na kamati. Alichagua katika maneno yaliyokuwapo, na pale alipochagua vizuri neno lilipata nguvu mpya, na pale lilipomlegea alirudi miaka michache baadaye akaisahihisha kazi yake mwenyewe. Lugha hukua kwa kutumiwa hivyo. Mguu usiotembezwa hupooza, kisha mwenyewe hulalamika kwamba aliumbwa bila ya mguu.

Hukumu, basi, ni nyepesi kutamka, ijapokuwa ni nzito kutekeleza. Pale ambapo Mwingereza amekunywa, na isemwe amekunywa, na ikiwa amelewa, isemwe amelewa, awe hakimu au awe mchukuzi. Pale ambapo kitu kikavu kimevuta maji, na isemwe kimesharabu, na tendo lenyewe katika vitabu vya mimea liitwe usharabu, mwanafunzi alishike na mpishi alifahamu. Pale ambapo akili imepokea wazo, mwandishi na atulie kwanza, ajiulize kama wazo hilo limepita tu, au limelowesha tu, au limegeuza. Likipita, aseme amelisikia. Likilowesha, aseme amelisharabu. Likigeuza, na hapo peke yake, aseme limemkolea.

Anayesema kwamba Kiswahili hakina maneno amesimama kando ya mto akiwa na kiu, akilalamika kwamba hakuna aliyemletea glasi. Mto hauna glasi, ni kweli. Lakini babu zake hawakufa kwa kiu. Waliinama, wakakinga viganja, wakanywa.